Ruhusa niliyoiomba nusu

Nimetoka shifti ya usiku, macho mazito, lakini nisipoandika sitalala.

Majuma kadhaa yaliyopita tulimpokea mama aliyemwagikiwa mafuta ya kukaangia, kuanzia begani mpaka kifuani. (Nimebadilisha mambo mawili matatu hapa, asije akatambulika mara ya pili.) Siku ya nne kidonda kikaanza kunuka na kuweka utando wa kijani. Daktari wa upasuaji yuko hospitali ya rufaa, mbali, akasema nimtumie picha. Nikamwomba mama ruhusa, akaitikia kwa kichwa, nikapiga. Haikupita nusu saa tukapata maelekezo ya kukisafisha na namna mpya ya kukifunga. Picha ile ilimsaidia, hilo silikani.

Kosa nililifanya jioni. Niliitupia picha ileile kwenye grupu la WhatsApp la tuliosoma pamoja chuo cha uuguzi, wenzangu wajifunze. Uso nilikuwa nimeupaka weusi, nikaona nimemaliza kazi. Sikuitazama kanga. Ilikuwa imekunjwa kando ya mto, ya rangi ya chungwa, pindo moja limeunguzwa na kaa la moto, na mtaa mzima humwona nayo kila asubuhi akiuza vitumbua. Siku ya tatu mwanawe alionyeshwa kifua cha mama yake kijiweni, kwenye simu ya dereva wa bodaboda. Aliyeitoa kwenye grupu simjui na simtafuti, maana aliyeitoa wodini ni mimi. Nilipotaka kuifuta kwa wote, muda wa kufuta ulikuwa umeshapita.

Nilikwenda kitandani kwake nikamwambia. Alinyamaza kitambo kirefu, akivuta shuka taratibu mpaka shingoni.

"Mwanangu, mimi nilijua unampelekea daktari."

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, hapa Tanzania, inazihesabu habari za afya kuwa taarifa nyeti, na inadai ridhaa ya maandishi. Ni haki. Lakini mimi kinachonisumbua ni hicho kichwa alichotikisa. Mtu anayesubiri sindano ya maumivu kutoka mkononi mwangu atanikatalia nini? Hata karatasi angesaini. Siku hizi naona ridhaa ya namna hiyo iombwe maumivu yakishatulia, tena na mtu mwingine asiyemhudumia, na aambiwe wazi picha inakwenda kwa nani.

Nawafikiria pia watoto wa vichwa vikubwa wanaowekwa mitandaoni uchi ili wachangiwe matibabu. Siwalaumu wazazi, bili naijua inavyokaba. Ila mtoto yule akipona atafika darasa la saba, na wenzake watakuwa na simu. Sauti ya mama yake ikieleza, na picha ya mkono tu ulioshikwa, naamini watu wangechanga vilevile.

Juzi mama alikuja kliniki. Bega limepona vizuri, mkono anaunyanyua hadi usawa wa sikio. Alikuwa na kanga nyingine, ya bluu. Nilipoingiza mkono mfukoni kutoa rula ya karatasi ya kupimia kovu, alishtuka, akajifunika kifua kwa viganja viwili. Nikaitoa rula polepole, nikamwonyesha.