Chombo cha Simoni na kichanja changu

Jumamosi alfajiri jumuiya yetu ya Kikatoliki, majirani tunaosali pamoja, ilinipa zamu ya kusoma Injili ya Jumapili ya 5, Mwaka C (wa tatu katika mzunguko wa masomo wa miaka mitatu): Luka 5:1-11. Hapa Igombe, kijiji cha wavuvi Mwanza kando ya Ziwa Victoria, somo hilo halihitaji mhubiri. Ukifika pale Simoni anaposema "tumefanya kazi ya kuchosha usiku kucha, tusipate kitu", wanaume wa benchi la nyuma wanaguna kama wametajwa majina.

Kila Mwaka C ukirudi tunakimbilia muujiza, nyavu kukatika, samaki tele. Safari hii nilikwama mapema zaidi, kwenye aya ya 2 na ya 3. Wavuvi wameshatoka chomboni, wanaosha nyavu. Aliyezoea mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, anajua maana yake: kazi imeisha, hesabu imegoma, na mtu anayeosha wavu mtupu huwa haombwi kitu. Yesu ndipo anapoingia katika chombo cha Simoni na kumwomba akisogeze kidogo kutoka pwani, apate pa kukaa afundishe. Samaki hajatajwa bado. Ni kweli alikuwa ameshamponya mama mkwe wake Simoni, sura ya 4, labda alimwonea haya. Lakini chombo alikitoa siku ambayo hakikumwingizia hata senti.

(Ziwa lenyewe la Genesareti lina urefu wa kilomita 21 hivi. Meli ya Nansio, kisiwani Ukerewe, kutoka Mwanza mjini inakwenda mbali zaidi ya hapo. Lakini uchovu wa kurudi mtupu nadhani ni uleule.)

Sasa kilichonikwamisha. Giza lililopita, yaani siku zisizo na mbalamwezi ambazo dagaa huvuliwa, walipokuwa wengi, jirani yangu tunayeanika naye dagaa kwenye vichanja, zile meza za wavu, alinijia asubuhi.

"Mwangaluka, dada," akanisalimu Kisukuma. "Naomba kile kichanja cha mwisho, nina ndoo mbili tu."

Kichanja kilikuwa kitupu. Nikamwambia nina mzigo unakuja, kuna mtumbwi nimeshaulipia. Akasema haya, akaenda kumwaga dagaa wake mchangani. Saa saba mvua ikapiga ghafla, ile ya kutoka ziwani isiyokupa nafasi hata ya kutafuta turubai. Waliokuwa vichanjani tuliwaokoa. Wa kwake walilowa, wakashikana na mchanga, na kesho yake walikuwa wameshaanza kunuka. Akawakusanya kwa ufagio, akawauza kwa bei ya chakula cha kuku. Na mtumbwi wangu? Ulirudi na maji.

Kichanja kilishinda kitupu siku nzima. Nilikiona kila nilipogeuka.

Basi Jumamosi hiyo nilikuwa nikisoma Injili mbele ya jumuiya, naye amekaa safu ya pili na mwanaye mgongoni. Sauti ilinikauka kwenye aya ya 7, pale wanapowapungia mikono wenzao wa chombo cha pili, na vyombo vyote viwili vikajaa. Wakadhani nimeguswa na Roho. Nilikuwa nimeguswa na ndoo mbili. Somo la kwanza siku hiyo lilikuwa Isaya 6, mtu mwenye midomo michafu, na yangu ilikuwa imesema "nina mzigo unakuja".

Jana nilikwenda kwake na kilo tatu za dagaa wakavu. Akapokea, akanipa kiti, tukazungumzia watoto na bei ya mafuta ya kula. Niliona napiga chenga, nikasema yaliyonileta. Hakunirahisishia, hakusema "yamepita". Alisema, "Nilikiona kile kichanja, dada. Hata mimi nilikiona."

Sasa mbalamwezi imeanza, mitumbwi imepandishwa nchi kavu, nami nimebadilisha wavu uliotoboka kwenye kichanja kile. Wakati wa kuaga nilimwambia giza likirudi ni chake.

"Hata dagaa wakiwa wengi?"

Nikanyamaza kidogo kabla ya kujibu. Aliliona hilo pia.