Wimbi Huja na Kurudi

Mwezi wa Juni 2012, kusi ikiwa imeshika kasi, kikundi cha vijana wa mtaani kwetu Chikongola, mjini Mtwara, kiliniomba nikitengenezee sauti za mchezo wa jukwaani uliohusu mashua iliyokwenda kuvua ikachelewa kurudi. Walihitaji mlio wa boti ya mashine inayoondoka pwani, na walihitaji bahari yenyewe, ambayo ilipaswa kusikika karibu mchezo mzima, yaani kwa dakika 40 hivi. Tulikuwa tumejaribu kurekodi bahari kwa simu, lakini upepo uliipiga maikrofoni kiasi kwamba mawimbi yalizama kabisa katika mfurukuto.

Nilikuwa na sinthesaiza moja, yaani kinanda cha umeme kinachounda sauti chenyewe, niliyoinunua ikiwa imekwisha kutumika, microKORG, aina iliyotolewa mwaka 2002, yenye funguo ndogo 37 na mbao pande zote mbili. Niliithamini pia kwa sababu hufanya kazi kwa betri sita ndogo, zile za saa ya ukutani, hivyo umeme ulipokatika usiku mimi niliendelea na kazi nikiwa na visikilizio masikioni na kibatari pembeni.

Boti haikunisumbua. Osileta ndiyo sehemu ya kinanda inayozalisha wimbi linalojirudia, na umbo la wimbi hilo ndilo linaloamua sauti iwe kali au laini. Wimbi la msumeno, linalopanda taratibu na kuanguka ghafla, hubeba sauti zote za juu zinazoandamana na sauti ya msingi, ndiyo maana husikika kali. Wimbi la mraba hubeba zile zenye namba za witiri peke yake, nalo husikika kama limetoka ndani ya kitu kitupu. Nilichukua osileta mbili za msumeno, moja nikaiweka kwenye hezi 55, yaani mitetemo 55 kwa sekunde, na nyingine kwenye hezi 58, na kwa kuwa mawimbi hayo hukutana na kuachana mara tatu kila sekunde, sauti ikaanza kunguruma kwa mapigo, kama mashine inayomsubiri nahodha. Kisha nikakifunga polepole kichujio, sehemu inayoamua sauti zipi zipite na zipi zizuiwe, sauti za juu zikatangulia kupotea, na boti ikawa inakwenda mbali. Vijana walipoisikia walipiga makofi.

Bahari ilikuwa habari nyingine, kwa sababu bahari haina noti. Kinanda kina chanzo cha sauti kiitwacho kelele nyeupe, ambacho ndani yake masafa yote, yaani kasi zote za mtetemo wa sauti, yamo kwa nguvu sawa, mfano wa redio iliyo kati ya stesheni mbili. Ukiipitisha kelele hiyo kwenye kichujio kinachozuia masafa ya juu, unapata mvumo mzito. Ukikifungua kichujio, mvumo unageuka kuwa povu. Kazi ya kukifungua na kukifunga huachiwa osileta nyingine, ya mwendo wa pole, ambayo yenyewe haisikiki, kwa kuwa hupiga chini ya hezi 20, na sikio la binadamu halifiki huko. Hiyo ndiyo modulesheni: wimbi lisilosikika linaliongoza lile linalosikika. Naona hakuna jambo zuri kuliko hili katika ufundi wote wa sauti, na kila ninapolieleza kwa mtu mgeni moyo wangu hufurahi upya.

Nikaiweka osileta ya pole kwenye hezi 0.1, yaani wimbi moja kila sekunde kumi. Kwa dakika chache ilikuwa bahari kweli, lakini kadiri nilivyozidi kusikiliza ndivyo ilivyozidi kufanana na pampu ya maji, kwa sababu kila wimbi lilifika kwa wakati uleule na kwa nguvu ileile. Nikachukua osileta ya pole ya pili, nikaipa umbo la kurukaruka ovyo, kisha nikaielekeza ibadilishe kasi ya ile ya kwanza. Sasa wimbi moja lilikuja baada ya sekunde saba, jingine baada ya kumi na mbili, na hakuna aliyeweza kulitabiri linalofuata. Niliamini nimemaliza.

Jumamosi iliyofuata mama yangu mdogo alivuka kutoka Msangamkuu, ng'ambo ya maji, kuleta pweza sokoni, na baada ya kuuza akapita nyumbani kupumzika. Mama mdogo amewinda pweza mwambani tangu akiwa msichana. Nilimwamkia, akaitikia, akauliza kile chombo ni cha nini. Nikamvalisha visikilizio juu ya mtandio wake nikabonyeza ufunguo. Alifumba macho akasikiliza kwa muda mrefu kuliko nilivyotegemea.

"Hii ni bahari," akasema, "lakini inakuja tu. Hairudi."

Nikamwomba anifafanulie.

"Wimbi likishapiga, maji yanakwenda wapi, mwanangu? Yanarudi, na yakirudi yana sauti yake. Njoo bamvua uje usikie mwenyewe."

Bamvua ilipofika nililala kwake Msangamkuu, na alfajiri nikamfuata hadi upande wa bahari kuu, maji yakiwa ndiyo kwanza yanaanza kupwa. Yeye alichukua fimbo na kikapu chake akateremka kuelekea mwambani. Mimi nilichutama pale yanapokomea maji, mahali ambapo ufuo umejaa vipande vya matumbawe na makombe yaliyovunjika. Wimbi lilianza kama mngurumo wa chini nilioupata kifuani kabla ya masikioni, likakua, likapasuka likawa jeupe. Hapo ndipo sauti yangu ilipokuwa ikiishia. Lakini baada ya mpasuko palikuwa na kituo kifupi, kisha maji yakaanza kujivuta nyuma, na vile vipande vikaviringishana chini yake kwa sauti nyembamba, kavu, kama mchele unaomiminwa kwenye ungo. Sauti hiyo ilidumu karibu mara mbili ya ile ya kuja, na ilikuwa bado haijaisha wakati mngurumo wa wimbi lingine ulipoanza. Nilikaa pale hadi jua likawa kali, nikihesabu kwa vidole.

Niliporudi mjini niliifuta bahari ya kwanza yote. Kinanda kile huruhusu sauti mbili kamili, kila moja na kichujio chake, zilie pamoja kwa ufunguo mmoja. Ya kwanza niliipa kelele na kichujio kinachoacha masafa ya chini yapite: ipande kwa sekunde tatu, ifike kilele, ianguke hadi kimya hata kama kidole bado kimeshikilia. Ya pili niliipa kelele ileile, ila kichujio chake nikakigeuza kiruhusu masafa ya juu tu, na nikafanya kupanda kwake kuwe kwa pole zaidi, ili ianze kusikika vizuri pale ya kwanza inapodhoofika. Huo ndio mchele kwenye ungo. Osileta za pole niliziondoa kwenye kazi ya kuhesabu muda, kwa sababu zilipobadilisha kasi ovyo, kuja na kurudi kuliachana, na wimbi linalorudi kabla ya kufika halipo popote duniani. Niliamua kila wimbi nilipige mwenyewe kwa kidole. Mwisho nikazifunganisha funguo na kichujio pamoja na nguvu ya sauti, hivyo ufunguo wa kushoto ukatoa wimbi zito na wa kulia wimbi dogo.

Usiku wa kwanza wa mchezo mama mdogo aliketi mstari wa pili. Nilipiga mawimbi kwa dakika zote 40, nikiwatazama waigizaji, na kila walipozungumza kwa sauti ya chini nilisogea kwenye funguo za kulia nisiwafunike. Katika sehemu ya mwisho, wanawake wamesimama ufuoni wakisema maji yanajaa na mashua haionekani, nilikuwa karibu mwisho kabisa wa upande wa kulia.

Watu walipotawanyika mama mdogo alinijia, akanishika mkono.

"Sasa inarudi," akasema. Kisha akauliza: "Lakini mbona wale wanasema maji yanajaa? Mimi nimesikia maji yanapwa."

Alikuwa sahihi. Maji yakipwa, mawimbi huvunjikia mbali kwenye mwamba, na yanayofika ufuoni huwa madogo. Yakijaa, hupita juu ya mwamba na kufika na uzito wao wote. Usiku wa pili, wanawake walipojipanga ufuoni, nilianzia funguo za kulia, nikateremka ufunguo mmoja mmoja kuelekea kushoto, na waigizaji wakalazimika kupaza sauti.