Kinachotulazimisha Kuvuta Pumzi

Jana usiku nilijaribu kuzuia pumzi huku nikiutazama mshale wa saa, na kabla dakika moja haijatimia kifua kilikwisha kunibana kana kwamba oksijeni yote imeniishia mwilini. Haikuwa imeisha. Kwa kawaida kinachotulazimisha kuvuta pumzi si upungufu wa oksijeni, bali ni kuongezeka kwa kabonidioksidi, ambayo huzidisha asidi katika damu na kuishtua sehemu ya chini ya ubongo, pale unapoungana na uti wa mgongo, nayo hukiamuru kiwambo kifanye kazi. Msuli huo mpana, uliojikunja chini ya mapafu mithili ya kuba, hunywea na kushuka, kifua kikatanuka, na hewa ikaingia yenyewe. Mapafu hayana msuli wa kujivutia hewa, ingawa wengi wetu (nami nilikuwa mmoja wao) hudhani kinyume. Hewa tunayovuta ina oksijeni kiasi cha asilimia 21, na tunayoitoa hubaki na takriban asilimia 16, ndiyo maana pumzi ya mwokoaji humfaa mtu aliyeacha kupumua.