Kondoo wekundu na kitalu cha managu

Tangu kondoo wa Dorper kutoka Afrika Kusini waanze kuenea Kenya katika miaka ya 1970, kondoo wekundu wa Kimaasai wasiochanganyika damu wamezidi kuadimika, hata huku Kajiado. Nimeamua kuwafuga hao hao, kwa kuwa hustahimili minyoo ya tumboni inayowadhoofisha Dorper msimu wa mvua. Kila Jumamosi huwa ninavuta chini kope la kila mmoja: ndani kukiwa kwekundu, damu ipo; kukiwa kweupe, minyoo imeinyonya. Baada ya masika haya sikuona kope jeupe hata moja, nami nilifurahi mno! Samadi yao, ikishaoza vizuri, ndiyo mbolea pekee ninayotia kwenye managu na terere.