Pumzi 34

Sikuwa daktari. Nilikuwa afisa tabibu niliyemaliza chuo mwaka huohuo, ila Lamu ukishavaa koti jeupe wewe ni daktari, basi. Kliniki ilikuwa ya mtu binafsi, kwenye kichochoro cha Langoni, chembamba hata punda wa mchanga akipita wagonjwa walioketi barazani hukunja miguu.

Ilikuwa msimu wa kusi, watoto wa mafua wamejaa. Akaingia bibi na mjukuu wa miaka miwili, kamasi zinamchuruzika.

"Nashikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nipa dawa ya kifua."

Nilimfunua mtoto shati, nikavua saa nikaiweka mezani, nikahesabu kifua kinavyopanda na kushuka kwa dakika nzima. Pumzi 34. Mtoto wa umri ule akifika 40 ndipo tunashuku nimonia. Mbavu hazikubonyea, masikio safi, na muda wote aling'ang'ania kalamu yangu. Virusi tu, na antibaiotiki haina habari na virusi. Kazi yake ni bakteria.

Nikamwambia ni mafua, ampe maji kwa wingi, na panadoli akichemka.

Alinitazama kama nimemtusi. "Nimeacha mofa jikoni nije niambiwe ni mafua? Mafua nayajua kabla hujazaliwa. Yeo sitoki bila dawa."

Nje walikuwa watu kama ishirini. Kumweleza kungekula robo saa. Kuandika antibaiotiki ya amoksilini, sekunde kumi. Mwenye kliniki naye alishanionya kuwa mgonjwa akitoka mikono mitupu, kesho yuko kwa jirani. Lakini nisimsingizie. Kilichonisukuma hasa ni woga: mtoto akibadilika usiku, je? Sijaona tabibu akigombezwa kwa dawa aliyoizidisha. Hugombezwa kwa ile aliyoinyima. Usugu wa dawa, yaani bakteria kuizoea dawa hadi isiwaue tena, niliujua, niliufanyia mtihani na nikapasi vizuri.

Niliandika. Chupa ya unga, uchanganywe na maji yaliyochemshwa yakapoa, siku tano.

Wiki tatu baadaye akanikuta karibu na ngome, akanishika mkono mbele ya wenziwe. "Huyu ndiye daktari!" Mtoto alipona siku ya nne. Siku ambayo mafua yake, nadhani, yangeisha yenyewe.

Jumatatu alirudi na wajukuu wengine wawili. Mkononi ana chupa ileile, dawa kidogo imegandia chini, rangi imegeuka. Ikishachanganywa, nje ya friji haikai zaidi ya wiki.

"Nyingine nilimpa mtoto wa jirani," alisema. "Hii niliwawekea hawa, lakini naona haitoshi. Tujazie."

Safari hii nilimweleza, robo saa nzima, watu wakinung'unika barazani. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaichukua chupa yake, akaitia mkobani.