Risasi bandia ndani ya magazini

Matundu matano ya risasi za dada mmoja mlinzi yalikuwa yamejibana chini kushoto mwa karatasi, upana wa kiganja kutoka kwenye duara jeusi. Umbali ulikuwa mita 7 tu. Wenzake wakaanza kumwambia kilenga cha bastola kimepinda. Nikampa mmoja wao bastola ileile apige tatu, zote zikaingia katikati. Basi bastola haina tatizo. Kwa anayetumia mkono wa kulia, matundu yakikusanyika pembe ile, angalia mkono na kidole kwanza.

Msimu wa korosho ulikuwa unakaribia, na walinzi wa maghala walikuwa wameletwa uwanja wa shabaha nje ya mji wa Mtwara kwa mazoezi ya bastola za milimita 9. Nilichukua magazini (kikasha cha risasi cha bastola) ya yule dada, nikampa mgongo, nikapakia sita: nne za kweli na mbili bandia, nimezichanganya. Bandia haina baruti wala fataki, lakini umbo lake ni lilelile, kwa hiyo mpigaji hajui ipi inafuata.

Ya kwanza ililia. Ya pili, tik! Hakuna mlio, lakini mdomo wa mtutu ulizama ghafla kama ncha ya mshipi uliodonolewa na samaki.

"Mwalimu, kumbe naisukuma mwenyewe!"

"Umeiona kwa macho yako, dada. Endelea."

Mwili huliogopa teke la bastola, ukalisubiri kwa kukunja kifundo cha mkono chini. Lakini risasi hukaa ndani ya mtutu kwa muda usiofika elfu moja ya sekunde. Ukiinamisha mkono kabla haijatoka, umeshaipeleka chini. Teke lenyewe halina kosa: liache lipande, kisha kilenga kirudi mahali pake.

Tukatoa magazini, tukakagua chemba (nafasi ya risasi nyuma ya mtutu) kwa jicho na kwa kidole, risasi za kweli zikawekwa mbali. Nikasimama ubavuni mwake, nyuma ya mtutu, nikalaza sarafu ya shilingi 100 juu ya slaidi (sehemu ya juu ya bastola inayorudi nyuma kila mlio) karibu na kilenga cha mbele. Alitakiwa abonyeze triga bila sarafu kuanguka. Mwanzoni ilidondoka kila mara. Nikamrekebisha mshiko: mkono wa kulia upande juu kabisa hadi chini ya slaidi, kiganja cha kushoto kijaze nafasi iliyobaki, vidole gumba vyote vielekee mbele. Mkono wa kushoto ndio ubane zaidi. Siungi mkono mafundisho ya kubana kwa nguvu zote, kwa sababu mkono wa kulia ukikakamaa, kidole cha triga nacho hukakamaa na kuvuta pembeni. Atumie nyama ya ncha ya kidole, aondoe ulegevu wa triga mpaka ahisi ukuta, yaani pale inapokaza, kisha aongeze nguvu polepole akiivuta moja kwa moja nyuma. Jicho libaki kwenye kilenga cha mbele, karatasi ionekane na ukungu.

Sarafu ilipotulia, tukarudi kwenye mchanganyiko. Kwenye bandia, mtutu sasa haukutikisika. Matundu yalipanda hadi ukingo wa duara. Moja lilibaki kushoto, kwa kuwa alikuwa anaachia triga yote kila baada ya mlio na kuivamia upya. Nikamwambia aishikilie nyuma mpaka slaidi irudi, aiachie hadi asikie mlio mdogo tu, halafu aanze tena kutoka hapo. Mbili zilizofuata ziligusana.

Wakati wa kukusanya vifaa, bandia moja ilikosekana. Hakuna aliyeruhusiwa kuondoka. Bandia ikiingia kwenye magazini ya mlinzi wa zamu ya usiku, siku atakayohitaji risasi atasikia tik. Tulipekua mchanga na maganda ya risasi, tukakagua magazini za wote, tukaikuta imefukiwa chini ya buti za mtu wa mstari wa pili. Nikaifuta na kuirudisha kwenye kopo lake jekundu, mbali na sanduku la risasi za kweli.