Tasnifu nzima kuhusu sentensi moja

Wenzangu wengi wa mwaka wa mwisho walichagua tasnifu za takwimu: mvua, mikopo, malaria. Mimi nilitaka namba tasa. Msimamizi wangu alinisikiliza, kisha akaniuliza kama naweza kukaa na sentensi moja mwaka mzima.

Sentensi yenyewe ni ya mwanahisabati Don Zagier, ya mwaka 1990. Inathibitisha jambo ambalo mwanahisabati Fermat alimwandikia msomi mwenzake Mersenne tarehe 25 Desemba 1640: kila namba tasa ambayo ukiigawa kwa 4 inabaki 1, ni jumla ya miraba miwili. 13 ni 9 + 4, yaani 3² + 2². 29 ni 25 + 4. Fermat hakuacha uthibitisho, na Euler ndiye aliyekuja kuukamilisha mwaka 1749.

Niwaambie wanaoikimbia nadharia kwa hofu: shahada ya kwanza haikudai ugundue theoremu mpya. Inakudai ukielewe kitu hadi uweze kukitetea mstari kwa mstari.

"Kijana, orodhesha kwanza," aliniambia Dokta, msimamizi wangu. Tafuta namba nzima chanya x, y na z ambazo x² + 4yz = 13. Ziko seti tatu tu: (1,1,3), (1,3,1) na (3,1,1). Zagier anatoa kanuni ya kuzipanga seti hizi wawili wawili, na kwa namba tasa yoyote ya aina hii, seti moja tu hukosa mwenzake. Kwa hiyo idadi yao ni witiri. Sasa zipange upya kwa njia nyepesi zaidi, kubadilishana y na z. Idadi ikiwa witiri, lazima ibaki seti isiyo na mwenza, na hiyo ni ile ambayo y na z zinalingana. Hapo namba yako imekuwa x² + (2y)². Kwa 13 ni (3,1,1). Nilipoiona kwa mkono wangu mwenyewe nilisimama, nikazunguka chumba.

Kazi ilikuwa kwenye yale ambayo Zagier anamwachia msomaji. Tasnifu iliandikwa kwa Kiingereza, lakini ofisini kwa Dokta nilieleza kwa Kiswahili, ubaoni, bila karatasi. Kanuni ya Zagier ina hali tatu: x ni ndogo kuliko y − z, iko kati ya y − z na 2y, au inazidi 2y. Nikaandika kwamba hali zote zimekwisha. Akauliza taratibu, "Na x ikiwa sawa na y − z?" Ukiiweka, x² + 4yz inageuka (y + z)², na namba tasa haiwezi kuwa mraba. Ikiwa sawa na 2y, jumla inagawanyika kwa 4. Mistari hiyo miwili naipenda kuliko sura nzima ya utangulizi. Tangu siku hiyo, kila nilipoandika "ni dhahiri" aliizungushia kalamu nyekundu na kuandika pembeni: kwa nani?

Ukichagua msimamizi, mtafute anayesoma rasimu kwa kalamu mkononi. Umaarufu wake ni jambo la baadaye.

Siku ya kutetea, mtahini aliuliza kama uthibitisho huu unakupa hiyo miraba. Haukupi, unasema tu kwamba ipo. Ndiyo maana Dokta alisisitiza sura ya mwisho iwe ya kuitafuta. Nikaomba chaki. Chukua 97. Tafuta namba ambayo mraba wake ukiuongezea 1 unagawanyika kwa 97: 22² + 1 ni 485, yaani 97 mara 5. Gawa 97 kwa 22, baki 9. Gawa 22 kwa 9, baki 4. Mabaki mawili ya kwanza yaliyo chini ya kipeuo cha pili cha 97 ndiyo unayoyataka: 81 + 16. Mtahini akaniomba nifanye na 41, tukaifanya pamoja.